Sukari ya Chapo

Kitengela,
14 Januari 2025

Mdogo wangu Mulei,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi ni mzima, ni magoti tu yanayonilalamikia asubuhi. Cherehani yangu bado inakimbia, na kwa vile shule zimefunguliwa nimeshona sare mpaka nikaota kola. Kanisani wamepaka rangi upya, kijani ambacho hakuna aliyekiomba. Mpwa wako Yvonne yuko salama huko Doha na anakusalimia. Anasema kazi ni nyingi.

Ugomvi ni huu: hukuja Krismasi. Nilipika sufuria nzima ya muthokoi nikaila peke yangu mpaka Mwaka Mpya. Gideon wa lori la mbuzi ndiye aliyeniambia kwamba alikuona sokoni Mashuuru umesimama kwa miguu yako, nikatulia. Najua simu huisikii siku hizi, unasema inakupigia kelele tu sikioni. Lakini kalamu nayo si kiziwi, na Gideon hachoki kutubebea barua.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Chapo, paka wa Yvonne, yule mweupe mwenye madoa ya kuungua kama chapati. Yvonne alipokuwa akiondoka aliniachia akasema ni kwa muda mfupi, nami sikuwa mtu wa paka, unanijua. Basi tangu Novemba paka huyu anamaliza bakuli la maji kabla sijageuka. Anakojoa kila pembe. Anakula kuliko mimi na bado anakonda, na miguu ya nyuma inamlegea, anatembea kwa visigino kama mzee aliyevaa viatu vya kuazima. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo hapa mjini, binti mmoja mpole anaitwa Caroline. Akamchoma sikio, akapima tone la damu, akaniambia ni ugonjwa wa sukari. Nikamwambia mimi hata chai simpi. Akacheka, lakini hakubadilisha maneno.

Anasema Chapo adungwe insulini asubuhi na jioni, kila siku, pengine maisha yake yote, na mdungaji ni mimi.

Mulei, unakumbuka niliyoyasema tulipotoka kumzika Mama. Niliyasema mbele ya watu wote, kwamba tangu siku hiyo sindano yangu itakuwa ya nguo tu. Nilimdunga Mama asubuhi na jioni mpaka mguu ukakatwa, na mguu ulipokatwa nikaendelea mpaka akaenda. Sikutaka kurudi huko, hata kwa mtu. Sasa nimeletewa paka.

Wewe umetibu mifugo ya Mashuuru mpaka ukastaafu. Niambie ukweli. Paka anaugua sukari kweli, au naonekana mama mzee wa kuchezewa? Na kama ni kweli, nifanye au nimwache ajiendee? Yvonne sijamwambia. Akipiga simu, huyu ndiye anayemuulizia kwa jina.

Ni mimi dada yako,
Kaveke


Mashuuru,
2 Februari 2025

Dada Kaveke,

Barua yako ilinifikia ikinuka mbuzi, lakini maneno yote yalikuwamo, pamoja na ya ugomvi. Nimeyapokea. Krismasi nilikuwa na shughuli kidogo.

Huku ni kukavu. Jirani yangu Sironka amepeleka ng'ombe mbali kutafuta majani, amebaki mkewe Namunyak na ndama. Namunyak hunipitishia maziwa asubuhi na kunisalimia kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, kwa ajili ya masikio yangu. Kaburi la Phylis nimelizungushia miba mipya. Mbuzi walikuwa wameanza kula yale maua yake, na unajua mke wangu alivyokuwa na mbuzi walioingia bustanini.

Sironka nilimsomea barua yako kabla hajaondoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Daktari, hiyo paka ya dada yako iko na bahati. Mimi niko na ng'ombe mingi na hakuna hata moja imewahi kupimwa sukari." Tena akauliza kama paka huyo anakamuliwa.

Lakini mimi nakujibu bila mzaha. Paka anaugua sukari, na huchezewi. Fanya, dada. Usimwache.

Mpe chakula kwanza, uone amekula, ndipo ushike sindano. Bomba la sindano liwe lile alilokupa daktari pamoja na dawa, usichanganye na jingine, maana alama zake hazilingani. Chupa usiitikise, izungushe polepole viganjani. Inua ngozi ya mgongoni karibu na shingo mpaka ifanye kama hema, sindano iingie chini ya ngozi, isifike nyamani. Leo upande huu, kesho ule. Ukidunga mahali pamoja kila siku panafanya kinundu, dawa haipiti vizuri, na panauma hata nguo ikipagusa. Ukiwa huna hakika kama dawa imeingia au imemwagika, usirudie. Ngoja zamu inayofuata. Umeme ukikupotea, tia chupa ndani ya kopo, kopo ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa, kivulini. Mimi hufanya hivyo na dawa inakaa vizuri.

Kupima, choma ukingo wa sikio ukishalisugua likapata joto. Pima, Kaveke. Usidunge kwa kukisia.

Na jambo la kuogopa si sukari kupanda. Kupanda kunaua polepole. Ogopa kushuka. Ikishuka mwili unalegea, jasho linatoka la baridi, midomo inakufa ganzi, ulimi unakuwa mzito, na unakasirikia watu wasio na kosa. Unaweza kuwa umesimama karibu na chakula ukakosa akili ya kukila. Hapo anahitajika mtu mwingine. Mpake asali kwenye ufizi mara moja, kabla ya kumpigia daktari. Nimempa Gideon chupa ya asali ya huku. Si ya kutia kwenye chai.

Nakutakia mkono mtulivu.

Mulei


Kitengela,
27 Februari 2025

Mulei mdogo wangu,

Asali imefika, na imepungua kidogo tu, nadhani Gideon ana jino la utamu. Namunyak umwambie asante kwa kukupigia kelele. Huku vumbi la malori limetuingia mpaka kwenye unga. Wapangaji wa nyumba ya pili wamehama tena, vijana watatu ambao sikuwahi kuyajua majina yao vizuri, na sasa jioni nikizima cherehani nasikia friji.

Nimefanya ulivyosema. Siku ya kwanza nilijidunga kidole, paka akanitazama kama mteja aliyepewa suruali fupi. Siku ya pili alinikwaruza. Wiki hiyo yote nililia kila jioni nikimaliza, na sikuwa nikimlilia Chapo. Harufu ya ile spiriti ndiyo iliyonirudisha kitandani kwa Mama. Lakini mkono haujasahau, Mulei. Sasa ananisikia nikifungua mlango wa friji, anakuja mwenyewe, anakula, ananipa mgongo. Maji amepunguza. Visigino vimeinuka. Amejaa mbavuni, na jana alipanda dirishani, mahali ambapo hajafika tangu mwaka jana.

Nitakuambia kitu na usinicheke. Asubuhi na jioni kuna anayeningoja. Tangu Yvonne aondoke sijangojewa na mtu saa yoyote ya siku. Naweza kukaa kwa jirani mpaka giza na hakuna atakayeuliza. Sasa ikikaribia zamu ya sindano naaga watu, nasema nina mgonjwa nyumbani, na natembea haraka kama mtu mwenye watu.

Kupima nimeacha, usinikaripie. Lile sikio lake lilikuwa limejaa vidonda vidogo na kila nikimchoma naumia mimi. Tena mimi ni fundi. Mtu mzima nampima mara moja, nashona, na kipimo chake nakitumia miaka. Chapo nimeshampima, daktari ameshasema dawa ni kiasi gani, na sare imemkaa. Sioni haja ya kuleta utepe kila siku.

Yvonne ana shughuli nyingi.

Pasaka uje. Sikuulizi kama unaweza, nakuambia uje. Nitaandaa kitanda chumbani kwa Yvonne.

Kaveke


Mashuuru,
6 Aprili 2025

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua imeanza na barabara yetu unaijua. Ndama wawili wa Sironka wameugua, nimewatibu, wamepona. Namunyak anakusalimia.

Pasaka sitaweza. Nilikanyaga mwiba mapema mwezi wa pili, huu wa mgunga, nikauchomoa nikausahau. Sasa umenifanyia kidonda kidogo chini ya kidole gumba. Hakiumi hata kidogo. Nakipulizia ile dawa ya buluu ninayowapulizia ng'ombe, kinakauka juu. Viatu ndivyo vinavyokataa.

Utaona herufi zimekuwa kubwa. Taa yangu imekuwa hafifu.

Kaveke, hilo la kuacha kupima umenitia hofu. Mwili si suruali. Dawa ikifanya kazi mwili unabadilika, na kiasi kilichomtosha Januari kinaweza kumuangusha Aprili. Mpime kabla ya kudunga. Sikio litapona. Nakusihi kama ndugu, mpime.

Mulei


Kitengela,
24 Aprili 2025

Mulei,

Leo sikuletei habari za kanisa wala za mvua.

Barua yako ya kunisihi nilipewa na Gideon siku ya Jumatatu ya Pasaka. Ilichelewa. Ijumaa Kuu nilimpa Chapo chakula asubuhi, nikamdunga kiasi kile kile, nikaenda ibadani. Niliporudi mchana nilimwita, hakuja. Nikamkuta chini ya cherehani ameegemea pedali. Alijaribu kusimama akaanguka ubavu, akajaribu tena, macho yamekuwa makubwa na hanioni. Halafu miguu ikaanza kurukaruka yenyewe.

Sikujua kama nitapata chupa ya asali. Nilimwaga nusu sakafuni. Nilimpaka kwenye ufizi kwa kidole, nikampaka tena, nimepiga magoti nikimwambia meza baba, meza. Alipolamba mara ya kwanza nilikaa hapo hapo sakafuni na nguo zangu za ibada. Daktari Caroline alinijibu simu ingawa ilikuwa sikukuu, akaniambia nimlete. Amesema kisa ni dawa. Paka amepata nafuu, kongosho lake linaanza kufanya kazi tena, na mimi nilikuwa nikimdunga kiasi cha paka wa Januari. Ilibaki kidogo tu nimuue kwa mkono huu, na nilikuwa nimetoka kuimba.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi. Nilikaa na barua zako zote mbili mezani, ya Februari na ya Aprili, nikisoma tena maneno yako ya kushuka. Nataka uniambie kitu kimoja.

Nani alikuambia kwamba midomo ya paka inakufa ganzi?

Umetibu wanyama maisha yako yote. Hakuna ng'ombe aliyekuambia ulimi wake umekuwa mzito. Hakuna paka anayevaa nguo, Mulei, kinundu chake kikauma ikikigusa. Na umestaafu, chanjo za serikali ulizirudisha, sasa ni dawa gani unayotunza kwenye mtungi wa mchanga?

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi tu kwamba nina ndugu anayejua mambo. Sasa nakuuliza na nataka ujibu. Na kidonda kisichouma kinanitisha kuliko kinachouma. Cha Mama hakikuuma.

Kaveke


Kitengela,
22 Mei 2025

Mulei,

Mwezi unakwisha hujanijibu. Nimemkamata Gideon hapa barabarani akishusha mbuzi. Nikamuuliza, "Mulei yuko namna gani?" Akasema, "Mzee yuko, mama. Yuko tu." Nikamuuliza yuko tu wapi. Akapiga gurudumu teke, akasema upepo umepungua, akapanda lori. Gideon hajui kudanganya.

Ukinyamaza nadhani mabaya, nawe unanijua nikianza kudhani. Andika hata mstari mmoja. Mwambie Namunyak asimame kilimani anipigie simu kwa hiyo sauti yake, nitamsikia.

Habari za hapa ni kwamba Chapo amepona. Sijui neno jingine. Nampima kila siku sasa, na dawa tuliipunguza, tukaipunguza tena, na wiki iliyopita daktari amesema tuache kabisa. Anasema hutokea kwa paka wengine, ukiwahi. Anaweza kurudiwa, kwa hiyo nibaki macho, lakini kwa sasa hana haja ya sindano.

Ungedhani nimefurahi. Nilishukuru Mungu, ndiyo. Halafu jioni ikafika, nikanawa mikono, nikafungua friji, Chapo akaja akanipa mgongo kama kawaida, na sikuwa na la kumfanyia. Nilisimama pale mpaka friji ikaanza kulia. Yeye ameondoka zake akaenda dirishani. Niko mpweke, Mulei. Nimekwepa kuliandika neno hilo tangu Januari na sasa nimeliandika. Nikifunga cherehani hakuna kiumbe duniani kinachohitaji mikono hii.

Jibu.

Kaveke


Kajiado,
5 Juni 2025

Dada yangu Kaveke,

Naandika kubwa maana macho hayashiki mstari. Haikuwa taa. Karatasi nimepewa na muuguzi, na Sironka atampa Gideon.

Niko hospitalini hapa Kajiado. Mwezi uliopita Namunyak alinikuta karibu na birika la ndama, mchana, nimelala. Alidhani nimekufa. Alinifunga kwa shuka mgongoni kwa Sironka, aliyekuwa amerudi na mvua, mpaka barabarani, na pikipiki ikatuleta. Wamenikata vidole viwili vya mguu wa kulia. Mguu wenyewe umebaki. Daktari anasema utabaki nikijitunza, na nisipojitunza atauchukua. Barua zako zote mbili ninazo hapa chini ya mto. Nilishindwa pa kuanzia.

Nina sukari, Kaveke. Nimekuwa nayo karibu tangu tulipomzika Mama. Insulini ilikuja baadaye.

Unauliza mbona sikusema. Nilikusikia siku ile. Ulikuwa umeshika shuka za Mama mkononi, ukasema hutaki tena kudunga mtu, na sijawahi kuona mtu aliyechoka namna ile. Nilikuwa nimejificha kazini miaka yote hiyo nikikutumia mbuzi na salamu. Ningekuletea tena mgonjwa mwingine wa ugonjwa ule ule? Nikamwambia Phylis tunyamaze, naye alininyamazia mpaka akaingia kaburini.

Phylis hakuhitaji mashine. Aliniangalia usoni tu. Tukikaa na wageni alikuwa akisema, "Mulei, kula," na nilikuwa nakula. Mara nyingi mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajua. Tangu afe sina wa kuniangalia. Ikinishuka nikiwa peke yangu ndani ya nyumba, nani atajua? Sironka yuko na ng'ombe, Namunyak hupita asubuhi tu. Nilianguka mara moja mwaka jana, kabla ya Krismasi, nikaamka sakafuni kuku wananitembelea. Tangu siku hiyo naogopa. Kwa hiyo najidunga kidogo, siku nyingine sijidungi, na uji natia sukari. Naiacha juu makusudi ili isishuke. Najua inanifanya nini. Nilikuandikia mwenyewe kwamba kupanda kunaua polepole. Nilichagua polepole.

Ndiyo maana nilikusihi umpime yule paka. Nilikuwa nasoma barua zako mara nyingi. Kula, dunga, pima, ngoja. Nilikuwa namwonea wivu, dada. Mtu mzima wa miaka yangu anamwonea paka wivu.

Sasa sikiliza. Usije. Kesho kutwa wananiruhusu na Sironka atanichukua. Umeshafanya zamu yako kwa Mama, na hakuna mtu anayefanya zamu hiyo mara mbili. Isitoshe una nyumba ya kumtunzia Yvonne. Akirudi asikute mlango umefungwa. Mimi nitakuwa mwangalifu.

Mulei


Kitengela,
12 Juni 2025

Mulei,

Nimeisoma. Nimelia nikamaliza.

Yvonne harudi. Alinitumia ujumbe kabla ya Krismasi, ameolewa huko, ana maisha yake, akasema, "Mum, chumba changu kipangishe, kisikae bure." Niliposema anakusalimia, hakukusalimia. Akipiga huuliza habari za Chapo, halafu husema lazima akate. Chumba sijakipangisha. Nilikuwa natandika kitanda kila Jumamosi na kukitandua, kama mtu mwenye wageni. Basi usiniambie habari za nyumba ya kutunza. Nyumba hii hakuna aliye njiani kuja.

Na yale ya siku ya kumzika Mama niliyasema nikiwa nimechoka. Yalikuwa maneno ya mchana mmoja. Hukupaswa kuyatunza miaka yote hiyo na kuumia nayo mpaka vidole viende. Ungeniuliza mara moja tu, hata kwa mzaha. Nimekukasirikia sana, na hasira hiyo nakuja nayo pia, tutaimaliza ana kwa ana.

Gideon anarudi Jumamosi na lori tupu. Nimempa cherehani na magunia mawili ya vitambaa, mimi na Chapo tutakaa mbele. Mashine ya kupimia ninayo, na daktari Caroline amenieleza kwamba ya watu ni nyingine, nimenunua ya watu. Dada mkubwa ni mimi, na kuhusu hili hatupigi kura. Nimeuliza pia kama Mashuuru kuna shule zinazohitaji sare. Zipo.

Mwambie Namunyak mpaka Jumamosi apite asubuhi na jioni. Leo na kesho jidunge kiasi walichokuandikia pale hospitalini. Usikipunguze kwa woga. Mwambie akae nawe mpaka umalize kula.

Barua hii nimempa dereva wa matatu ya leo, isingoje lori, nawe usiijibu. Jibu litakuta kufuli. Ukisikia honi ya lori usiinuke kunipokea na huo mguu. Kaa ulipokaa, mlango uwe wazi, nikuangalie uso.

Kaveke